Saratani Haimalizwi na Mchango wa Ijumaa Moja



Ndugu msomaji, kila anayeswali Ijumaa katika misikiti yetu anaijua desturi hii. Swala ikishamalizika, kabla watu hawajatawanyika, katibu husimama na kueleza kuwa ndugu fulani ni mgonjwa. Kitambaa hutandikwa mlangoni, kila mmoja hutoa alichojaaliwa, fedha huhesabiwa, na siku hiyohiyo humfikia mhusika. Ni desturi njema. Kwa aliyevunjika mguu, aliyelazwa kwa malaria au aliyefiwa, mara nyingi hutosha. Mguu huunga, homa hushuka, matanga huanuliwa.

Saratani haina tabia hiyo. Ni ugonjwa unaodai kwa miezi, na wakati mwingine kwa miaka. Anayeuguza saratani hupata mchango mkubwa mwanzoni, huruma za watu zikiwa bado mpya. Mwezi wa tatu hubaki peke yake, naye ndipo anapohitaji zaidi. Makala haya yanaeleza namna kamati ya msikiti wetu hapa Njisi, wilayani Kyela, ilivyosimama na familia ya rafiki yetu mmoja tangu mke wake alipogunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Tunaandika kwa idhini yao, na majina yao tumeyahifadhi.

Kutoka mpakani hadi Ocean Road

Sisi ni watu wa mpakani. Mto Songwe ndio unaotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi, na hapa Kasumulu malori na wasafiri hupita kila siku kwenda Karonga au kurudi Mbeya. Riziki yetu hutoka katika mpunga, kakao, michikichi, samaki wa Ziwa Nyasa na biashara ndogondogo. Rafiki yetu ni mmoja wa wakulima hao. Ana majaruba ya mpunga, kishamba cha kakao, mke na watoto wanne.

Mke wake alipoanza kutokwa na damu isiyo ya kawaida, alianzia hospitali ya wilaya, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa ya kanda jijini Mbeya, ambako kipande kidogo cha nyama kilichukuliwa kwa uchunguzi. Jibu likawa saratani ya mlango wa kizazi. Dada yetu mwenyewe ndiye aliyetaka aina ya ugonjwa itajwe, ili wanawake wenzake wanufaike. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu kuliko saratani nyingine yoyote.

Akaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na makao yake ni hospitali ya tangu enzi za Wajerumani, ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Kutoka kwetu hadi huko ni zaidi ya kilomita 900: Tukuyu, Uyole, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro, ndipo Dar es Salaam. Mtu mzima hufika amechoka. Mgonjwa anayevuja damu hufika akiwa hoi.

Wengi wetu tulidhani gharama kubwa ya saratani ni dawa. Dawa na vipimo vina gharama yake, lakini tiba ya mionzi ina sharti jingine zito. Kwa ugonjwa kama wa dada yetu, mgonjwa hupigwa mionzi kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano au zaidi, pamoja na tiba ya kemikali na mionzi ya ndani kwa kadiri daktari anavyoona. Kila kipimo cha mionzi huchukua muda mfupi tu, lakini mgonjwa hawezi kurudi Kyela jioni akaja tena kesho. Lazima awe na mahali pa kulala, chakula, nauli ya daladala kila asubuhi na mtu wa kumshika mkono. Huku nyuma watoto wanataka kula, shule inaendelea, na mpunga hausubiri.

Kakao ingali mtini

Jioni moja rafiki yetu alimjia imamu akamweleza kuwa amepata fedha. Tajiri mmoja alikuwa tayari kumpa taslimu, naye angelipwa kwa kakao ya msimu ujao, kwa bei ambayo hata mtoto angeona kuwa ni ya kutupa. Sisi wa Kyela biashara hiyo tunaiita njemke, na Serikali imekuwa ikiipiga vita ili mkulima auze kakao yake mnadani kupitia ushirika na stakabadhi ghalani. Mlango wa pili aliokuwa nao ni ile mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu, na jina lake linatosha kuieleza.

Imamu alimjibu, "Ndugu yangu, kakao iache mtini. Tupe siku tatu."

Tunaomba wasomaji wazingatie jambo hili. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ipo biashara halali ya kulipa mapema na kupokea mazao baadaye, ambayo mafakihi wanaiita salam, lakini ina masharti ya kipimo, sifa, bei na muda vinavyojulikana. Pia haikuwekwa iwe njia ya kumkamua mwenye shida. Ama riba, hukumu yake haina haja ya maelezo. Hata hivyo, mtu hawezi kukatazwa haramu na waumini wenzake kisha akaachwa mikono mitupu mbele ya mke anayeumwa. Tukimwambia asiuze na asikope, basi na sisi tumeingia katika deni la kumsaidia.

Daftari lilitangulia fedha

Katika siku hizo tatu kamati ilikutana na mume, mke na mama mzazi wa mke. Tuliwauliza kwanza wao wenyewe wanataka tuseme nini mbele za watu na tusiseme nini. Walikubali tuseme kuwa ni mgonjwa anayehitaji matibabu Dar es Salaam kwa muda mrefu. Walikataa picha, nasi tulikataa pamoja nao. Siku hizi picha ya mgonjwa kitandani husambazwa katika makundi ya simu kabla ya yeye mwenyewe kuulizwa. Mwanamke wa Kiislamu aliyeishi miaka yote akijisitiri hapaswi kuivua sitara yake ili apate nauli.

Kisha tukaandika mahitaji kwa mafungu: safari, malazi, chakula cha watu wawili, vipimo na dawa, nauli za mjini, na fungu la nyumbani kwa ajili ya watoto. Kila fungu tulilipigia hesabu ya mwezi mmoja, kisha ya miezi sita. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kuwa mchango wa Ijumaa moja, hata ungekuwa mkubwa namna gani, usingefika mbali. Badala ya kuomba watu watoe walicho nacho siku hiyo, tuliomba ahadi ya kila mwezi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu 60 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja kila mwezi, zinapatikana shilingi 300,000, na mwezi unaofuata zinapatikana tena. Hakuna aliyeumia, na mgonjwa anajua kuwa mwezi ujao upo.

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali inayodumu, ijapokuwa ndogo, ndiyo inayopendeza zaidi mbele ya Allah. Tumezoea kuisikia hadithi hii katika mambo ya swala za sunna na visomo. Ina nafasi kubwa vilevile katika kuuguza.

Fedha ziliwekwa chini ya watu watatu: mweka hazina wa msikiti, mzee mmoja asiye mwanakamati, na mama mmoja aliyechaguliwa na akina mama wenyewe. Hakuna shilingi iliyotoka bila wawili kati yao kukubali. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kiliandikwa siku hiyohiyo. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Allah ameamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Basi fedha ya mgonjwa, ambayo ni amana ya wengi, inastahiki zaidi kuandikwa. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulisoma jumla ya mapato na matumizi. Majina ya watoaji na viwango vyao hatukuyasoma, ili mwenye kidogo asione haya na mwenye kingi asijione.

Zaka na sadaka zisichanganywe

Liliulizwa swali msikitini: je, zaka yangu naweza kuileta katika mfuko huu? Jibu walilotupa masheikh wetu ni hili. Wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na ugonjwa wenyewe si kundi mojawapo. Tajiri akiugua hapewi zaka kwa sababu ya kuugua. Fakiri, maskini au mwenye deni lililomlemea akiugua, anapewa kwa ufakiri wake, umaskini wake au deni lake. Familia hii ilikuwa imeshaingia katika hali hiyo.

Kwa hiyo tulifungua kurasa mbili. Ukurasa wa zaka ulikabidhiwa familia mkononi iwe mali yao, waitumie kwa kadiri ya haja yao. Ukurasa wa sadaka na michango ndio ulioendeshwa na wale watu watatu kwa malazi, nauli na mengineyo. Majirani zetu Wakristo, ambao ni wengi hapa Kyela, walileta michango yao bila kuombwa, nasi tuliipokea kwa shukrani katika ukurasa huo wa pili. Sisi pia hutoa wao wanapouguliwa. Ndugu wa ng'ambo ya Songwe walituma kwacha, zikabadilishwa na kuandikwa kwa thamani ya siku hiyo.

Wiki ya tatu

Dada yetu alianza mionzi. Wiki mbili za mwanzo zilipita vizuri. Wiki ya tatu mwenyeji wao akapata wageni, chumba kikahitajika, na ikabidi watafute pa kupanga haraka. Mume alipiga simu saa nne asubuhi. Kabla ya adhuhuri fedha ya chumba ilikuwa imefika, kwa sababu ahadi za mwezi wa pili zilikuwa zimeshaingia na watu wawili wa kuidhinisha walikuwapo. Siku ile mgonjwa hakukosa mionzi yake.

Jumatatu iliyofuata simu ililia tena. Safari hii hakuwa na shida yake mwenyewe.

"Maalim," alisema, "yule mama aliyekuwa akikaa benchi moja na mke wangu ameondoka. Hakushindwa na ugonjwa. Ameshindwa na nauli."

Mama huyo alitoka mkoa mwingine. Jamaa zake walimchangia vizuri sana siku ya kuondoka, lakini fedha ziliisha katikati ya tiba, akafunga mzigo wake mwishoni mwa wiki bila kumwambia mtu. Hakuacha namba ya simu. Madaktari wanatuambia kuwa mionzi ikikatizwa na muda wa tiba ukarefuka, uwezo wake wa kuushinda uvimbe hupungua. Hivyo basi, fedha za mama yule hazikupotea nusu tu. Hata zile zilizokwisha kutumika ziliingia hatarini.

Ijumaa iliyofuata jambo hilo liliwekwa mbele ya jamaa, na wachangiaji wakakubaliana kuongeza sharti katika daftari: kitakachobaki, dada yetu akipona au Allah akimchukua, kitamsaidia mgonjwa mwingine yeyote atakayekwama katikati ya tiba, awe wa Njisi au asiwe. Tunazishauri kamati zote ziandike sharti kama hilo siku ya kwanza kabisa. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya mtu fulani haibadilishwi matumizi kiholela, na wakati wa msiba si wakati mzuri wa kuulizana nia zilikuwa nini.

Ndege, mpunga na watoto

Upo msaada ambao haukupita katika daftari. Mpunga wa rafiki yetu ulihitaji palizi, na ulipoanza kutoa suke ulihitaji watu wa kuamia ndege. Kwa kawaida kazi hiyo huangukia watoto, na watoto wakikaa shambani, daftari za shule hubaki tupu. Vijana wa madrasa waligawana zamu, palizi ikafanywa kwa ujima Jumamosi mbili, na watoto wanne wakaendelea na masomo yao. Akina mama walipeana siku za kupika na kufua katika nyumba ile, wakimsaidia bibi ambaye umri wake umekwenda. Wakati wa kutuma vifurushi vya basi, walituma mchele wetu wa Kyela, na ule uliwalisha wawili hao na pia kumfurahisha mwenye nyumba mpya.

Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiumwa vingine vyote hukesha kwa homa. Wapo waliosema hawana fedha kabisa, nao ndio waliosimama majarubani na manati alfajiri. Hao nao walikesha.

Hatukosi kusema kuwa maneno yalikuwapo. Wako waliouliza mchango huu utaisha lini. Wako waliomfuata mume faraghani wakimwambia mionzi humuunguza mtu, aachane nayo anunue dawa ya mizizi au alipie kisomo. Kumwombea mgonjwa dua na kumsomea Qur'ani ni katika dini yetu, na tuliendelea nako kila baada ya magharibi bila malipo. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia kujitibu. Dua haimwondoi mtu hospitali. Nao waliotoa kisha wakamsimanga mume kwa kumkumbusha walichompa, tuliwakumbusha aya ya 264 ya Surat al-Baqara, kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka.

Mchango mkubwa na mchango mrefu

Mwaka 2015 majirani zetu wa Kenya walionyesha nguvu ya mchango wa umma. Kijana mwanafunzi, Emmanuel Otieno, aliyejulikana kwa jina la Jadudi, alikuwa na uvimbe katika ubongo na alihitaji kurudi India kwa upasuaji. Mwandishi Jackson Biko alieleza habari zake, na wito wa kuchanga shilingi milioni moja za Kenya ukavuka lengo mara kadhaa kwa siku chache. Jadudi alitibiwa. Mwaka 2017 alifariki dunia.

Tunaitaja habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, watu hutoa wanapoelezwa ukweli kwa hesabu iliyo wazi. Pili, ajali iko mikononi mwa Allah, na mchango haununui uhai. Tunachochanga ni nafasi ya mgonjwa kutibiwa kwa ukamilifu, na nafasi ya familia yake kubaki na shamba, shule na heshima, liwalo na liwe.

Tunawahimiza Waislamu kujiunga na bima ya afya kabla ya ugonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na misikiti inaweza kusaidia kaya maskini kulipia uanachama. Lakini bima hulipa hospitali. Hailipi chumba cha kupanga mjini, basi la kilomita 900, wala mtu wa kuamia ndege. Sehemu hiyo itaendelea kuwa yetu.

Kwa akina mama, dada yetu anawaomba wakapimwe mlango wa kizazi kabla ya dalili kujitokeza. Kwa wazazi, chanjo ya kuwakinga mabinti dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani hii ilianza kutolewa nchini mwaka 2018. Msiwafiche mabinti zenu chanjo inapofika shuleni.

Dada yetu alimaliza mionzi yote aliyoandikiwa. Amerudi nyumbani, anapika kidogo, anachoka upesi, na huenda Dar es Salaam kwa uchunguzi kila anapopangiwa. Hatujui Allah amemwandikia nini mbele. Kakao haikuuzwa ikiwa mtini. Daftari bado liko wazi, na ahadi za mwezi huu zimeanza kuingia.

Ombi letu kwa kamati za misikiti ni jepesi. Msisubiri mgonjwa ndipo mtafute daftari. Chagueni watu watatu, fungueni kurasa mbili, andikeni masharti, na anzeni na ahadi ndogo zinazodumu.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awarehemu waliotangulia, na atakabali kila kilichotolewa kwa ajili yake, kiwe shilingi au jasho. Amin.